Kutoka ofisini hadi darasani ughaibuni: barua ya kujiuzulu iwe ya mwisho

Ninaulizwa mara nyingi namna ya kuacha kazi ya kampuni na kwenda kufundisha nje ya nchi, na karibu kila anayeuliza anataka kujua kwanza lini aandike barua ya kujiuzulu. Barua hiyo ndiyo karatasi ya mwisho. Kabla yake kuna kazi ya miezi sita hadi mwaka mzima, na sehemu kubwa unaweza kuifanya huku bado unapokea mshahara: jioni, wikiendi na siku chache za likizo. Mimi nilitoka idara ya fedha, sasa ni mwalimu, na nimewasindikiza wenzangu kadhaa katika njia hiihii. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu kila hatua inaiandalia inayofuata.

Hatua ya 1: Fundisha kwanza

Tafuta darasa halisi kabla ya kutafuta visa. Inaweza kuwa elimu ya watu wazima, kituo cha kujitolea kinachowafundisha wageni lugha, au wanafunzi wachache wa mtandaoni. La muhimu ni kukaa na watu walewale muhula mzima. Somo la kwanza humfurahisha kila mtu. Kazi yenyewe utaiona wiki ya saba, nusu ya darasa wamechoka, mmoja amewaacha wenzake mbali na mwingine hajaelewa kitu tangu wiki ya pili. Ukitoka kwenye kipindi cha namna hiyo ukiwa bado unawaza utakavyoanza kijacho, endelea na hatua zinazofuata. Ukigundua kwamba ulichokihitaji ni kupumzika, omba likizo bila malipo, safiri, kisha urudi kazini. Huo nao ni uamuzi mzuri, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Sisi tuliotoka maofisini huja na tabia moja inayopaswa kuondoka mapema: kuwasilisha mada. Tumezoea kusimama na slaidi, kuongea nusu saa, kisha kuuliza kama kuna swali. Darasa la lugha haliendi hivyo. Chukua somo la saa na safari. Andaa ratiba moja ya treni kwenye karatasi mbili: karatasi A ina saa za kuondoka lakini haina za kufika, karatasi B ina za kufika tu. Wapange wanafunzi wawiliwawili, kila mmoja na karatasi yake, na ni marufuku kuchungulia ya mwenzake. Hapo hawana namna ya kujaza nafasi zilizo wazi ila kuulizana. Wewe unapita katikati yao na daftari, unaandika makosa unayoyasikia bila kumkatiza mtu. Dakika 5 za mwisho unayaweka ubaoni bila majina, wayasahihishe wenyewe. Katika kipindi cha dakika 45 utakuwa umeongea labda dakika 10. Shule nyingi hukuomba somo la majaribio kwenye usaili, na jambo la kwanza wanaloangalia ni nani anayeongea zaidi, wewe au wanafunzi.

Tunza kila andalio la somo kwenye jalada moja. Utalihitaji.

Hatua ya 2: Jua pasipoti yako inafungua mlango upi

Hapa ndipo watu hupoteza miezi bure. Wanasoma matangazo ya kazi, wanaomba, wanafaulu usaili, halafu uhamiaji unakataa. Anza na sheria ya visa ya nchi unayoitaka, ndipo uangalie matangazo. Mfano wa wazi ni Korea Kusini: visa ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7, yaani Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Ayalandi na Afrika Kusini, na lazima uwe na shahada ya kwanza. Hata uongee Kiingereza kizuri namna gani, pasipoti isiyo ya nchi hizo itakwama, na hakuna wakala anayeweza kukunyooshea hilo.

Milango mingine ipo. Shule za kimataifa hutafuta walimu wa hesabu, uchumi, biashara na kompyuta, na hapo uzoefu wako wa kazini una thamani. Lakini nyingi zinataka sifa rasmi ya ualimu, kama PGCE ya Uingereza au leseni ya ualimu ya nchi yako, na mara nyingi miaka 2 ya kufundisha. Wapo pia wanaofundisha lugha ya kazi kwa wafanyakazi wa makampuni: kuandika barua pepe, kuongoza kikao, kusoma taarifa ya hesabu. Kwa mtu wa ofisini huu ndio mlango ninaoupendekeza kuliko yote, maana wewe unavijua vikao hivyo kwa ndani, na mwalimu kijana aliyetoka chuoni havijui.

Kiswahili chenyewe kina nafasi zake. Kinafundishwa katika chuo cha SOAS jijini London, Chuo Kikuu cha Leipzig nchini Ujerumani, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni nchini Korea Kusini na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright FLTA, unaowapeleka walimu vijana kufundisha lugha zao katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, Kiswahili kikiwemo. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, ila mwombaji mwenye muhula mzima wa masomo kwenye jalada husimama vizuri.

Hatua ya 3: Chagua cheti chenye mazoezi ya darasani

Kozi za mtandaoni za saa 120 za kufundisha Kiingereza zipo nyingi na baadhi ya nchi huzikubali kwa visa. Kama fedha inaruhusu, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye CELTA ya Cambridge au CertTESOL ya Trinity. Zote mbili zina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma ya darasa akikutathmini. CELTA ya kutwa huchukua wiki 4 au 5, na ya muda wa ziada huendana na kazi. Hawaulizi ulizaliwa wapi. Wanapima kiwango chako cha Kiingereza, nacho lazima kiwe cha juu kabisa.

Hatua ya 4: Nyaraka

Hatua hii haina raha, na ndiyo inayoamua kama utaondoka. Weka meza moja vyeti vyote: cha kuzaliwa, shahada, cheti cha ualimu, pasipoti, cha ndoa kama unacho. Soma jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Shahada ina majina mawili, pasipoti ina matatu? Cheti kimoja kina "y" na kingine kina "i"? Jina la baba limetangulia mahali pamoja na kufuata pengine? Afisa wa visa hakujui, na kwake hao ni watu wawili. Rekebisha sasa, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kwa kubadili jina kisheria, kutegemea ubalozi unataka kipi. Usingoje mpaka mkataba uwe mkononi, kwa sababu hapo mwajiri ameshaanza kuhesabu siku.

Kisha kuna uthibitisho. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961 hutambua apostili: muhuri mmoja wa mamlaka ya nchi iliyotoa cheti, basi. China ilijiunga na utaratibu huo kuanzia tarehe 7 Novemba 2023. Kama nchi yako au unayokwenda haimo, njia ni ndefu: wakili, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi, kwa mfuatano huohuo. Karatasi zikishabanwa pamoja na kupigwa muhuri, usizitoe pini hata kwa ajili ya kutoa nakala, maana ofisi nyingi huzikataa zikishafumuliwa.

Shahada unaweza kuithibitisha mapema kwa kuwa haiishi muda. Hati ya polisi ya kutokuwa na makosa ya jinai iombe mwishoni, kwani mara nyingi hukubalika kwa miezi 3 au 6 tu. Pasipoti iwe na muda wa kutosha kupita mwisho wa mkataba, pamoja na kurasa tupu.

Hatua ya 5: Fedha

Tenga mafungu matatu yasiyochanganyika: gharama za kuondoka (cheti, nyaraka, visa, tiketi), maisha ya miezi 3 ugenini bila mshahara, na nauli ya kurudi ambayo huigusi kwa lolote. Miezi 3 si woga. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa hadi mwisho wa mwezi wa pili, na mwenye nyumba hatakusubiri. Japani, kwa mfano, wenye nyumba wengi hudai amana na juu yake malipo ya shukrani yasiyorudishwa. Kama kuna watu wanaokutegemea, kaa nao uwaambie kiasi kamili utakachoweza kutuma na kuanzia mwezi upi. Madeni yenye riba kubwa yamalize kabla ya kuondoka.

Hatua ya 6: Omba kazi kwa kalenda yao

Mwaka wa shule Korea Kusini huanza Machi, Japani Aprili, China na sehemu kubwa ya Ulaya Septemba. Rudi nyuma miezi 6 hadi 9 kutoka hapo, uanze kuomba. Mpango wa JET wa Japani, unaowapeleka wageni kusaidia kufundisha lugha mashuleni na ulioanza 1987, hupokea maombi kwenye miezi ya mwisho ya mwaka kwa watakaosafiri katikati ya mwaka unaofuata.

Hatua ya 7: Mkataba

Usome mara mbili, na uulize kwa maandishi kila kisichoeleweka. Vipindi vya wiki ni vingapi, na saa za kukaa shuleni ni ngapi? Vipindi 20 vinaweza kubeba saa 40 za kuwepo. Likizo za shule zinalipwa? Nyumba ni ya nani, na ukiacha kazi unapewa siku ngapi za kuhama? Nani analipa bima ya afya? Ukivunja mkataba unadaiwa nini?

Mambo matatu yakitokea, ondoka bila kubembelezwa: wakala anayekutoza wewe ada ya kupewa kazi, shule inayosema uingie kwa visa ya utalii "tutabadilisha ukifika", na mwajiri anayetaka kukushikia pasipoti. Omba pia kuongea na mwalimu anayefundisha hapo sasa. Shule nzuri hukupa namba yake siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Sasa jiuzulu

Visa ikishabandikwa, andika barua fupi, toa notisi kamili, kabidhi kazi vizuri. Kabla hujarudisha kompyuta, omba barua ya uzoefu yenye nembo ya kampuni, tarehe za kuanza na kumaliza, cheo, sahihi na muhuri. Utaihitaji ukiomba kazi nyingine baadaye: China, kwa mfano, huangalia miaka 2 ya uzoefu kwa waombaji wengi. Hamisha pia akaunti zako zote, kuanzia benki hadi pensheni na bima, kutoka barua pepe na simu ya ofisi. Siku ukitoka zinafungwa, na msimbo wa kuingilia benki utakuwa unatumwa kwenye simu isiyo yako.

Hatua ya 9: Ukifika, na safari zako

Wiki za kwanza ni za makaratasi. Ukiingia China kwa visa ya kazi, yaani Z, una siku 30 za kushughulikia kibali cha ukaazi, hivyo usisafiri popote kabla ya hapo. Na kabla ya safari yoyote ya nje, uliza kama kibali chako kinaruhusu kurudi. Japani, mwenye kadi ya ukaazi huweka alama kwenye fomu ya uwanja wa ndege kwamba atarudi ndani ya mwaka mmoja. Akiisahau, hadhi yake ya ukaazi inaweza kupotea.

Safiri kwenye likizo za shule, na wikiendi uzunguke karibu. Muhula wa kwanza mimi humshauri mtu asiende mbali kabisa: ajue majina ya wanafunzi wake, ajifunze lugha ya jirani zake, apate duka ambalo muuzaji anamfahamu. Mkataba wa mwaka ukifika mwezi wa nane, muulize mwajiri kama anauhuisha, ili ukijibiwa hapana uwe bado na muda wa kuomba kwingine. Ukiondoka, chukua barua ya uzoefu ya shule hiyo, na uangalie michango yako ya pensheni. Japani humrudishia mgeni aliyechangia miezi 6 au zaidi sehemu ya michango yake, mradi aombe ndani ya miaka 2 tangu alipoondoka.