Kaye ya staji ijazwe kila jioni

Wadogo zangu mnaosoma ufundi hapa Lubumbashi, mkipata staji, yaani mazoezi ya kazi, nunueni kaye (daftari) moja na muijaze kila jioni kabla ya kupanda taksi. Msiandike "tulifanya matengenezo", hiyo haisemi kitu. Andikeni hivi: "Pampu ya maji, beringi ya upande wa mota imekwisha, shafti inatikisika. Fundi ameitoa, mimi nimesafisha shafti na kupaka grisi." Hata kama ulishika tochi tu, andika. Kila Ijumaa msimamizi atie sahihi na tarehe, maana mwisho wa staji huwa hana muda, au ameshahamishiwa Kolwezi.

Siku ya usaili, mafundi wakuu wa migodini hawakawii kwenye alama za darasani. Wanakuuliza: beringi ikipata joto, unaanza kuangalia nini? Mwenye kaye amepitia kurasa zake usiku uliotangulia.

Uliyekosa staji (hasa kama huna mjomba ndani) pita INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Ada uiulize mapema.