Oili inavuja na gasketi mpya haikusaidia: namna ya kutafuta chanzo

Magari mengi yanayoletwa gereji kwa kuvuja oili yameshafunguliwa kwingine. Mwenye gari ameshalipia gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), sili ya kranki (ringi ya mpira inayozuia oili kwenye shafti kuu ya injini) na silikoni, lakini akiondoa gari asubuhi doa liko palepale. Kinachokosekana hapo ni kutafuta. Oili haidondoki pale inapotokea. Inateremka, upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, inalowesha kila kitu njiani, kisha inaning'inia kwenye boliti iliyo chini kuliko zote. Fundi anayelala chini ya gari, akaona tone hilo na kutaja ugonjwa hapohapo, anabahatisha kwa pesa yako.

Mfano wangu ni injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile ya IST, Probox na Premio ya cc 1500, kwa sababu zimejaa barabarani kwetu. Njia ni ileile hata kwa injini nyingine.

Hatua ya 1: Jua kinachovuja. Tandaza boksi jeupe chini ya gari usiku kucha. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Nyekundu mara nyingi ni haidroliki ya gia boksi au ya usukani. Kijani au pinki yenye utelezi ni kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Maji safi baada ya kutumia AC yasikusumbue.

Hatua ya 2: Osha. Hapa ndipo watu hawana subira, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Injini ikiwa imepoa, funika alternata (inayochaji betri) na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) kwa mfuko wa nailoni. Sugua kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi, kuanzia tapeti kava hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini), kisha suuza kwa maji ya kawaida na ukaushe. Petroli usiitumie kuoshea, inawaka kwa cheche ndogo tu. Ondoa pia plastiki ya kukinga chini, maana inakusanya oili na kuimwaga mahali pasipohusika.

Hatua ya 3: Endesha kidogo, tazama mapema. Washa injini mpaka ipate joto, zunguka mtaani, rudi na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu zaidi na mbele zaidi. Ukiona pakavu, rudia kwa safari ndefu kidogo. Mvujo mdogo sana unanaswa kwa poda ya mtoto: ipulize sehemu unayoishuku injini ikiwa kavu, na oili itachora mstari kutoka inakoanzia.

Hatua ya 4: Kagua kutoka juu kwenda chini.

- Tapeti kava, hasa kona za nyuma ambazo hazionekani bila kioo. Chomoa koili: ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, sili za hapo zimekufa.
- Valvu ya oili ya VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa kufunguka kwa valvu za injini. Ina o-ringi ndogo inayokakamaa kwa joto. Wengi wanaisahau kabisa.
- Kava ya cheni. Imegandishwa kwa silikoni, na pale inapokutana na silinda hedi ni mahali pa kuangalia kwa makini.
- Swichi ya presha ya oili, kidude chenye waya mmoja. Chomoa soketi yake. Ikiwa imejaa oili ndani, swichi yenyewe inapitisha.
- Filta, nati ya kumwagia oili na washa yake, kisha sampu.
- Sili ya mbele ya kranki, nyuma ya puli. Ikivuja, puli inarusha oili kwa duara.
- Sili ya nyuma ya kranki. Hii iwe ya mwisho, kwa sababu kuibadilisha ni kushusha gia boksi.

Hatua ya 5: Angalia pumzi ya injini. Gasketi mpya ikianza kuvuja mapema, usikimbilie kununua nyingine. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hutolewa na valvu ya PCV, yaani valvu ya pumzi ya injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Ichomoe ikiwa bado kwenye mpira wake, injini ikinguruma taratibu, uweke kidole: usikie inavuta. Haivuti? Safisha au badilisha, pamoja na mpira uliopasuka. Ikiwa inavuta vizuri na bado kifuniko cha oili kinarushwa na upepo ukikilegeza, pima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Ringi zikiwa zimeisha, sili mpya hazitadumu.

Hatua ya 6: Funga kwa adabu. Kwangua silikoni yote ya zamani. Gasketi ya mpira ya tapeti kava haihitaji silikoni kuizunguka. Weka tone tu kwenye kona inapokutana na kava ya cheni. Silikoni iliyopakwa kupita kiasi inakatika ndani na kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo injini inakufa kweli. Boliti za tapeti kava hukazwa kwa karibu Nm 10 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, fundi wangu anataka kushusha gia boksi, anasema ni sili ya nyuma. Nikubali?

Jibu: Mwambie akuoneshe kwanza kona ya nyuma ya tapeti kava ikiwa kavu baada ya kuoshwa. Oili ya pale inateremka hadi kwenye maungio ya gia boksi na kufanana kabisa na sili ya nyuma. Kama juu ni pakavu na maungio yamelowa kwa chini, fundi yuko sahihi.

Swali: Nikihamia oili nzito ya 20W-50 haitapunguza?

Jibu: Usifanye hivyo, kaka. 1NZ-FE ilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na VVT-i inategemea oili ipite kwenye njia nyembamba. Utaficha mvujo huku injini ikichelewa kupata oili asubuhi.

Swali: Nimetoka sevisi jana, leo inamwaga hadi chini pamelowa!

Jibu: Dada, zima gari sasa, usiliendeshe. Mara nyingi raba ya filta ya zamani imebaki imeganda kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake. Afungue filta, aondoe raba ya zamani, apake oili kwenye raba mpya, akaze kwa mkono, kisha ajaze oili hadi kipimo.

Swali: Yangu inapungua lakini chini hakuna hata tone. Injini ni 1ZZ.

Jibu: Hiyo inaweza kuwa inaunguza. 1ZZ-FE za mwanzo, nazo ni injini za Toyota, zinajulikana kwa ringi za oili zinazoziba. Tazama moshi wa bluu unapokanyaga baada ya kuteremka mlima. Pima oili kila kilomita 500, andika kiasi unachoongeza, ukaonane na fundi ukiwa na hesabu hiyo mkononi.