Somo: Pima mwenyewe spidi inavyokula mafuta ya gari lako

Wakuu, salaam.

Juzi jirani yangu karudi kutoka Morogoro analalamika kwamba IST yake imepata ugonjwa, inabwia mafuta kama Prado. Ameshaanza kutafuta fundi wa kubadilisha plagi. Nikamuuliza alikuwa anakimbia ngapi. Akanyamaza, halafu akasema, "Mia na ishirini, pale palipowezekana." Gari halina ugonjwa wowote. Alikuwa analipia upepo.

KWANZA, UNAPAMBANA NA NINI

Ukiwa kwenye lami tambarare, spidi haipandi wala haishuki, injini inashindana na wakorofi wawili. Wa kwanza ni matairi, yanayobonyea na kunyanyuka kila yanapozunguka. Huyu ni mpole, mzigo wake unakaribia kuwa uleule uende 50 au 120. Wa pili ni hewa, na huyu hana ustaarabu: ukizidisha spidi mara mbili, yeye anakusukuma nyuma mara nne.

Nimepiga hesabu ya gari dogo la umbo la IST, kilo 1,150 pamoja na dereva, uso wa mbele wa mita za mraba 2.2. Ili tusizame kwenye fizikia, chukulia gari linavuta kamba iliyopita kwenye kapi, na ncha ya pili inaning'iniza mzigo. Matairi yanakuning'inizia kama kilo 12 au 13 muda wote. Hewa, kwa kilomita 50 kwa saa, inaongeza kilo 8 tu. Kwa 80 zinakuwa 21, yaani ndoo ya maji ya lita 20. Kwa 100 ni kilo 33. Kwa 120 ni kilo 47, unakaribia mfuko mzima wa saruji, na jirani yangu kauvuta karibu njia nzima hadi Moro.

Sasa tazama muda. Kilomita 100 kwa spidi ya 80 ni dakika 75. Kwa 100 ni dakika 60. Kwa 120 ni dakika 50. Kutoka 80 kupanda 100 umeokoa robo saa kwa kuongeza kilo 12. Kutoka 100 kupanda 120 umeokoa dakika 10 tu, na umeongezewa kilo 14. Bei inapanda huku bidhaa inapungua.

Msinielewe vibaya: mzigo ukizidi kwa asilimia fulani haina maana mafuta nayo yatazidi kwa asilimia hiyohiyo, kwa sababu injini ya petroli huwa inayatumia mafuta vizuri zaidi ikiwa imebebeshwa kazi kuliko ikitembea kivivu. Ndiyo maana sitaki mniamini mimi. Pimeni.

(Kwa wanaodhani haya ni mambo ya mabahili: Marekani, baada ya Waarabu kuwafungia mafuta mwaka 1973, iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, yaani kilomita 88, kuanzia 1974. Kilifutwa 1995. Hispania nayo mwaka 2011 ilishusha 120 hadi 110 kwa miezi michache kwa sababu hiyohiyo ya mafuta.)

HATUA YA 1: Upepo wa matairi. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Magari ya Japani mengi yameandikwa kPa. 220 kPa ni kama PSI 32, vyote ni vipimo vya upepo. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likipata moto kipimo kinadanganya. Usimwachie kijana wa upepo akujazie "ya kawaida".

HATUA YA 2: Jua spidi yako ya kweli. Spidomita nyingi zinasoma juu kuliko mwendo halisi, kwa makusudi ya kiwandani. Mpe abiria simu yenye GPS akusomee. Usisome mwenyewe huku unaendesha.

HATUA YA 3: Chagua njia. Mimi napenda Chalinze kwenda Segera na kurudi. Cha msingi ni kurudi kwa njia ileile, ili mlima uliokutesa kwenda ukulipe kurudi, na upepo wa mbele uwe upepo wa nyuma. Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa, achana nayo kabisa kwa jaribio hili.

HATUA YA 4: Jaza, tembea, jaza tena. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na usikubali muuzaji aongeze "kidogo ifike namba nzima". Rudisha tripu (kihesabio cha kilomita za safari kwenye dashibodi) kwenye sifuri. Nenda na urudi ukishikilia 80. Ukirudi, ingia sheli ileile, pampu ileile, gari lisimame palepale, ijikate tena mara ya kwanza. Gawa kilomita kwa lita. Siku nyingine rudia kila kitu kwa 100, ukiwa na abiria walewale na mizigo ileile. Kwenye vijiji vya 50 nenda 50 safari zote mbili. Hutaharibu ulinganisho, na hutapigwa tochi.

Safari fupi ya kilomita 30 haitoshi, kosa la nusu lita kwenye pampu litameza tofauti yote unayoitafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nuru: Kaka, keria ya juu nikiiacha tupu ina shida? Kuifunga na kuifungua ni kazi.

Jibu: Dada yangu, ina shida. Yale mabomba yanaikatakata hewa iliyokuwa inateleza vizuri juu ya paa. Mjini hutaona kitu. Safari ndefu utaona, na ukipandisha na mizigo juu ndiyo balaa zaidi. Kama begi linaingia kwenye buti, liingie kwenye buti.

Mgosi wa Lushoto: AC au madirisha wazi, kipi kinakula?

Jibu: Mwendo wa mjini, fungua madirisha. Kwenye barabara kuu, funga, washa AC.

Dereva wa Noah: Mkuu, mimi kwenye mteremko natupa nyutro, gari linajiendea bure. Mbona hujaliongelea?

Jibu: Kwa sababu si bure. Gari lako lina injekta, zinazopuliza mafuta kwa amri ya kompyuta. Ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta na matairi ndiyo yanazungusha injini. Ukitupa nyutro, injini inabidi inywe mafuta ili isizime. Na ukiifanya Kitonga, breki peke yake ndiyo inashika Noah nzima na abiria wake. Ikipata moto, utaikumbuka gia namba mbili.

Juma Tegeta: Nikijificha nyuma ya basi si linanikatia upepo?

Jibu: Linakukatia, kweli kabisa. Ila kwa 80 unatembea mita 22 kila sekunde. Mpaka macho yaone taa ya breki na mguu ufike kwenye pedali, mita 30 zimeshakwisha, na pale ambapo upepo unapungua vya maana wewe huna hizo mita 30. Hapana.

Mwana Mbeya: Huku juu hewa ni nyepesi, hesabu inabadilika?

Jibu: Inabadilika. Kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar, na ukinzani wake unapungua hivyohivyo. Ila milima yenu inakudai kile ambacho hewa imekusamehe.

Baba Tatu: Haya yote ni ya safari. Mimi ni Mbagala kwenda Posta kila siku, sijawahi hata kufika 80.

Jibu: Basi hewa haikuhusu, mzee wangu. Kwako adui ni breki. Gari hilohilo la kilo 1,150, kila unapolitoa 60 ukalisimamisha, unatupa nguvu iliyogharimu kama mililita 20 za petroli, kijiko cha chakula na ushee. Ukiona taa nyekundu mbele, achia pedali mapema. Simama hivyo mara 50, lita imeondoka.