SOMO: Kotingi ya seramiki inakugomea? Hapa Mombasa angalia hewa kabla hujalaumu chupa

Hili somo ni la wale ambao kotingi (ile dawa ya maji unayopaka juu ya rangi ya gari, ikakauka ikawa ganda gumu la kuilinda) imewakataa, yaani umepaka vizuri tu halafu ukija kufuta kitambaa kinanata, kinaburuta, na ukimulika tochi kwa ubavu waona mabaka ya mafuta mafuta boneti nzima. Wengi hapo wanasema chupa feki. Feki zipo, sikatai, lakini gari nyingi ninazoletewa nirekebishe chupa ilikuwa sawa kabisa, tatizo ni mtu alifuata dakika za kwenye karatasi ya maelekezo inayokuja na chupa, na karatasi imeandikwa na mtu ambaye hajasimama Kongowea saa saba mchana mwezi wa pili.

Hebu tuelewane kwanza hii kitu inafanyaje kazi, sababu ukiielewa hata karatasi hutaihitaji sana. Ndani ya chupa mna kemikali za jamii ya silika zilizoyeyushwa kwenye thina yake. Ukipaka, thina inaruka, kinachobaki kinashika rangi na kuanza kuwa kigumu. Joto larusha thina upesi, na unyevu wa hewani kwa kotingi nyingi ndio unaozigandisha, kwa hiyo hewa ikiwa na unyevu mwingi kotingi nayo inaganda upesi. Sasa sisi huku tuna vyote viwili pamoja, hasa kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi. Karatasi yasema ngoja dakika tatu, kwako moja tu ishapita wakati. Ndio maana nawaambia watu waache saa waangalie bodi.

KUOSHA. Hapa sikai sana, mnajua. Ila chumvi yetu si mchezo, gari inayovuka feri ya Likoni kila siku au inayolala Nyali upande wa bahari ina chumvi mpaka ndani ya mipira ya milango. Presha kwanza, sabuni baadaye. Kama karwash yenu inatumia maji ya kisima, usiache gari ijikaushie, yale maji yana madini na yataacha madoa meupe, na ukipaka kotingi juu umeyafungia humo. Doa likishakaa, siki nusu maji nusu kwenye kitambaa, liloweke kidogo, futa, suuza. Halafu dawa ya kutoa chuma (itageuka zambarau ikikutana na vumbi la breki), halafu udongo wa kusafishia rangi mpaka mkono usikie laini.

KUPIGA BAFA NA KUTOA MAFUTA. Hapa ndipo wengi wanaharibu na hawajui. Polishi ya kupigia bafa, ile mashine ya kung'arisha, ina mafuta, yanafanya bodi ing'are hata kama mikwaruzo bado ipo, na kotingi haishiki kwenye mafuta, itateleza huku ikijikusanya pale. Chukua aisopropili ya duka la dawa, changanya nusu kwa nusu na maji ya betri (yale safi yasiyo na madini, sio asidi), sio ya bomba, futa kipande kwa kipande na geuza kitambaa. Usitumie thina ya rangi tafadhali, itakula rangi yenyewe. Na gari iliyotoka kwa panel bita (fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi) juzi usiiguse kwanza, rangi mpya bado inapumua, ipe mwezi hata miwili, muulize aliyepiga.

MAHALI NA SAA. Nitakaa hapa kidogo maana ndio roho ya somo. Alfajiri watu wanaipenda sababu kuna baridi, lakini alfajiri ndio unyevu uko juu kabisa na gari iliyolala nje ina umande. Mchana unyevu umeshuka ila bati limekuwa moto huwezi kuweka kiganja. Mimi napenda kuanzia saa tatu asubuhi hadi kama saa tano, gari imelala ndani au chini ya paa, haijaguswa na jua. Kipimo changu ni mkono: weka mgongo wa mkono kwenye boneti, ukisikia uvuguvugu tu endelea, ukisikia moto acha. Mwenye kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, zaidi ya nyuzi 30 mimi sipaki. Gari ikitoka safarini boneti ngoja sana, injini inaipasha kwa chini. Wakati wa kusi, hasa Juni hivi mpaka Agosti, mambo ni rahisi zaidi, upepo una ubaridi, ila mvua ya ghafla ipo. Feni usiielekeze kwenye kipande unachopaka, itakimbiza thina na kukuletea vumbi. Na puliza hewa uyatoe maji yaliyojificha nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye vitasa, usije ukamaliza mlango vizuri halafu tone likashuka katikati.

KUJARIBU. Kabla hujaingia boneti, paka kipande kidogo mahali pasipoonekana sana, chini ya mlango wa nyuma hivi. Angalia. Itaanza kutoa rangi rangi kama dizeli juu ya maji ya gati, halafu itaanza kukusanyika vitone vitone kama inatoka jasho. Hapo ndio pa kufuta. Hesabu sekunde zimepita ngapi, hiyo ndio karatasi yako ya leo, ya kesho itakuwa nyingine.

KUPAKA. Matone machache kwenye aplikeita (kile kisponji cha kupakia), kipande cha kama sentimita 50 kwa 50, kaskazi punguza hata nusu yake. Enda juu chini halafu kushoto kulia. Paka kidogo kidogo, watu wanadhani ikiwa nyingi ndio itadumu, nyingi ndio mabaka yenyewe hayo. Kufuta tumia vitambaa viwili, cha kwanza kinabeba kile kingi bila kukandamiza, cha pili kikavu kinamalizia. Kitambaa kikianza kuburuta kimeshiba, tupa pembeni chukua kingine. Usikifue ukakirudia kwenye rangi, ile silika inakauka ndani yake inakuwa msasa. Vaa glavu na fungua dirisha, na sigara mbali, hii thina inawaka.

KUKAGUA. Mulika tochi kwa ubavu kila ukimaliza kipande, sio mwisho wa gari. Gari nyeupe ndizo zinadanganya, mabaka huyaoni mpaka ubadili pembe. Ukiona baka saa hiyo hiyo, paka tone jipya juu yake, lile jipya linalainisha lile la zamani, futa mara moja. Baada ya hapo gari ikae kavu siku nzima, na sabuni usiiguse wiki moja hivi.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Fundi mimi nimeona mabaka kesho yake asubuhi, Vitz nyeusi, nimejaribu tone jipya halitoki. Nifanyeje?

Limeshakuwa gumu hilo kaka. Jaribu kwanza aisopropili, lisipotoka chukua polishi laini kabisa na sponji laini, piga pale pale tu kwa mkono au mashine polepole, toa mafuta, paka upya kile kipande. Usikwaruze kwa kucha wala wembe, nshaona watu.

Mama Zuu: Imenyeshewa masaa mawili tu baada ya kupaka, imebaki na alama za matone. Imeharibika yote?

Hapana dada yangu. Kausha kwa kupapasa, usisugue. Iache ikauke mpaka kesho uangalie. Alama zikibaki jaribu ile siki, zikikataa ni polishi kwenye hivyo vipande peke yake.

Baharia wa Tudor: Chupa yangu imebaki nusu, naweza kuweka friji?

Friji ukiitoa inatoka jasho, unyevu unaingia ukifungua. Kotingi ikishafunguliwa huku pwani haikai sana, ukiona chembe nyeupe mdomoni mwa chupa au imekuwa nzito, usiweke kwenye gari ya mtu. Afadhali muwe watu wawili mnunue moja mpake siku moja.

Juma Probox: Yakhe hii 9H si wanasema hata mawe hayakwaruzi?

Wanasema. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli, wanakwaruza kwa penseli za viwango tofauti, haihusiani na mawe. Probox yako ikipita nyuma ya lori la Changamwe itapata kokoto kama wengine. Faida yake ni uchafu haugandi, chumvi inatoka kirahisi, na jua halili rangi upesi.

Mama Zuu: Na ile ya kupulizia na kufuta, inafaa?

Kwa anayeanza nasema ndio, ina silika kidogo, ngumu kukosea, ila itadumu miezi tu. Kioo cha mbele lakini nunua ya kioo, ukipaka ile ya bodi waipa zitaruka ruka na kupiga kelele mvua ikija.