Jinsi ya kuandika sera ya ushiriki wa wanamichezo transjenda katika mashindano ya kimataifa

Anzeni na mchezo wenyewe. Waiteni makocha, madaktari na waamuzi, kisha orodhesheni kila shindano na kinacholeta ushindi humo: kasi, nguvu, kimo, shabaha, au uwezo wa kuhimili kugongana. World Rugby ilipowazuia wanawake transjenda (waliozaliwa wakitambuliwa kuwa wa kiume) kucheza raga ya wanawake ya kimataifa mwaka 2020, hoja yake kubwa ilikuwa hatari ya majeraha. Kwenye upigaji mishale hoja hiyo haina kazi. Amueni pia ngazi inayohusika. Masharti ya fainali za dunia hayana sababu ya kushushwa hadi kwa watoto.

Penye kazi kubwa ni ushahidi. Mwaka 2015, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ilisimamisha kanuni za homoni za riadha katika shauri la Dutee Chand, mwanariadha wa kike wa India, kwa kuwa shirikisho halikuthibitisha ukubwa wa faida iliyodaiwa. Basi kila sharti liandikiwe sababu yake, pamoja na tafiti zinazolipinga. Mwili nao haubadiliki kwa mwendo mmoja: testosteroni (homoni ya kiume) ikishushwa, hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, hufikia kiwango cha wanawake ndani ya miezi michache, nguvu za misuli hupungua polepole, na urefu wa mifupa ya mtu mzima hubaki vilevile. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wasio wanamichezo wa kulipwa, na sera ikiri hivyo.

Mkiweka kikomo cha testosteroni, namba peke yake ni mtego. Mwaka 2015 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilitaka testosteroni iwe chini ya nanomoli 10 kwa lita ya damu kwa angalau miezi 12 kabla ya kushindana. Mwongozo wake wa 2021 ukaiacha namba hiyo na kuwaachia mashirikisho uamuzi. Tajeni saa ya kutoa damu, maabara, idadi ya vipimo, na hatua itakayofuata sampuli moja ikizidi kikomo. Daini spektrometria ya masi, yaani kipimo kinachotambua molekuli kwa uzito wake, kwa maana vipimo vya kingamwili hukosea zaidi homoni ikiwa kidogo.

Jambo linalosahaulika mno ni dawa. Spironolaktoni, inayotumiwa na baadhi ya wanawake transjenda, imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni, kwa sababu huongeza mkojo na inaweza kuficha dawa nyingine. Wanaume transjenda nao hutumia testosteroni yenyewe. Wote wanahitaji kibali cha matumizi ya tiba mapema, la sivyo mtu atafungiwa kwa dawa aliyoandikiwa na daktari.

Kundi la wazi, lisilotenga wanaume na wanawake, halitoshi kuwa jibu. World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani, ililifungua Berlin mwaka 2023, hakuna aliyejiandikisha. Ukijiandikisha humo unaweza kuwa umejitangaza kwa dunia nzima, hivyo liwe wazi kwa yeyote bila kuulizwa chochote.

Mafaili yasomwe na jopo dogo, yakiwa na namba badala ya majina. Pingamizi linalotokana na sura au sauti ya mshindani litupwe, na ukaguzi wa maumbile upigwe marufuku kwa maandishi. Wekeni muda wa rufaa; msipoutaja, kanuni za CAS hutoa siku 21. Sheria mpya isianze katikati ya msimu, na kabla ya kuchagua mwenyeji hakikisheni pasipoti na homoni za wanamichezo zitapita mpakani.