Kesi moja, karatasi moja

Wadogo zangu mlioanza kusoma sheria, acheni kukariri majina ya kesi. Mtihani unakuletea kisa kipya na kutaka umshauri mhusika.

Kila kesi ipe karatasi yake: kilichotokea, swali lililokuwa mbele ya mahakama, uamuzi, na sababu ya uamuzi. Chukueni ya Ephrahim na Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza. Ndugu wa ukoo, Ephrahim, akadai kwa mila zao mwanamke hana haki ya kuuza shamba la ukoo. Jaji Mwalusanya akamkatalia: mila hiyo ni ya kibaguzi, na Katiba inakataza ubaguzi. Sababu hiyo iandike kwa herufi kubwa, ndiyo utakayoishika siku swali likimleta mjane badala ya binti.

Halafu soma hukumu yenyewe, japo mara moja. Notsi za kurithishana huruka hatua za kati: Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi yule ndugu, ya Wilaya ikampa Holaria. Ukizipitia, unajua hoja za pande zote mbili, na mhadhiri akikugeuzia swali darasani hubabaiki.