Unataka kujifunza uchongaji na historia yake? Kama uko Lamu au Malindi anza hivi

Watu wengi wakisikia sanaa ya uchongaji wanafikiria Ulaya tu, mtu wa marumaru kasimama uchi, halafu wanasema ah huku kwetu Pwani hamna mambo hayo, sisi masanamu hatuchongi. Sawa, masanamu ya watu mafundi wetu wa mjini waliyaacha, lakini patasi hawakuiweka chini hata siku moja, na Lamu yote imechongwa kuanzia mlango wa jirani yako mpaka mihirabu iliyo mbele yako ukiswali. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, usianze na kitabu cha miaka na majina, utalala kabla hujafika Ugiriki. Anza na malighafi. Jiwe, mbao, pembe, shaba, udongo. Ukishajua kitu kinakatika vipi, historia unaanza kuiuliza mwenyewe, hiki kimetoka wapi na nani alikuwa na pesa ya kumlipa fundi.

Chukua matumbawe kwanza. Nyumba za kale za Mkomani, ule mtaa wa zamani wa Lamu, ni za matumbawe lakini sio yote sawa, kuna lile gumu linalochimbwa nchi kavu, hilo ni la kujengea ukuta, na kuna lile linalokatwa baharini likiwa bichi, ambalo ni laini na linachongeka vizuri mwanzoni halafu likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Ndo maana nakshi nyembamba za mihirabu na za miimo ya mawe zimechongwa kwenye lile la baharini, na fundi hakuwa na muda wa kuzubaa. Ukishaelewa hilo nenda ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho, angalia zidaka, yaani vile vishubaka vya ukutani, zilivyopangwa safu kwa safu na nakshi za chokaa zinazozizunguka. Usiguse, mafuta ya mkono yanachafua chokaa na hakuna wa kuja kuisafisha.

Hapa kuna jambo ambalo watalii wengi hawalijui, nakshi haionekani kwa macho, inaonekana kwa kivuli. Ukienda saa sita mchana jua liko utosini utaona ukuta mtupu, rudi saa kumi na moja jua likiwa limelala utashangaa. Ndani ya nyumba washa tochi ya simu lakini usiielekeze mbele, iweke ubavuni kabisa, karibu ilale na ukuta, utaona mpaka alama za chombo. Halafu chora. Sijali kama hujui kuchora, chora hivo hivo vibaya kwenye daftari, kupiga picha ni rahisi lakini picha mia mbili kwenye simu hazikufundishi kitu, mkono ukihesabu majani ya ua moja utagundua fundi alirudia wapi na alibadilisha wapi.

Sasa milango. Chagua mmoja tu, usizunguke mji mzima. Tazama kizingiti cha juu, miimo ya pande mbili, na ule mfaa wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana, mara nyingi mfaa ndo umebeba kazi nzuri kuliko zote manake ndo mgeni anaoukuta usoni. Jiulize nakshi imeingia ndani kiasi gani, imesimama wima au imelazwa, na je maua ya kushoto na kulia yanalingana kweli. Halafu teremka Usita wa Mui utafute karakana yenye fundi anayechonga, usikie nyundo ufuate. Toa salamu kwanza, Assalam alaikum fundi, za kazi, kaa pembeni, usianze kumuuliza bei wala kumchukua video. Ukitulia utaona anachora mchoro kwa penseli juu ya ubao, anapita na patasi wima kando ya mstari wote, tap tap tap, anakata mpaka tu bila kutoa kitu, na hapo baadaye ndo anailaza patasi anaondoa mbao ya nyuma ili ua libaki limeinuka. Akiilaza kabla ya kukata mpaka, mbao inachanika kufuata nyuzi zake na jani limekwenda. Ukiona hatua hizo mbili kwa macho yako, nakshi yoyote duniani utakayokutana nayo unaweza kuisoma.

Uanze kujaribu mwenyewe? Nunua sabuni ya mche dukani, kisu kidogo cha jikoni, basi. Chora ua la petali sita, kata mpaka, toa nyuma. Sabuni haina nyuzi kwa hiyo inasamehe, ndo uzuri wake, na ukiharibu unafulia. Ukizoea hamia kwenye kipande cha mbao laini alichotupa fundi, muombe tu atakupa. Mbao ya mbambakofi wacha kwanza, ngumu hiyo utaumia vidole.

Kutoka hapo ndo utanue. Kwenye makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, yale mabaragumu makubwa ya sherehe za watawala, ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, kaa nazo. Ya pembe imechongwa, yaani kitu kimepunguzwa. Ya shaba imemiminwa, unatengeneza umbo kwa nta, unalifunika udongo, unachoma, nta inayeyuka inatoka, unamimina shaba pale ilipokuwa nta. Njia hiyo hiyo ndo walitumia mafundi wa Ife na wa Benin huko Nigeria, na ukifika hapo soma habari za mwaka 1897 jeshi la Uingereza lilipoivamia Benin likabeba maelfu ya vitu ambavyo mpaka leo vinagombaniwa. Michelangelo, mchongaji wa Italia, naye msome, ile sanamu yake ya Daudi ya 1501 mpaka 1504 aliichonga kwenye jiwe ambalo wengine walishalianza wakaliacha, lakini ukimsoma baada ya matumbawe na siwa utamuona ni fundi mwenye patasi kama mafundi wengine, sio malaika.

Malindi kuna somo lingine. Vile vinyago vya mbao madukani vingi ni kazi ya Wakamba, na inasemekana mzizi wake ni Mutisya Munge wa Wamunyu aliyejifunza kwa Wamakonde wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kwa hiyo twiga unayemuona pale sio "utamaduni wa kale" kama muuzaji anavyomwambia mzungu, ni biashara ya miaka mia hivi, na mimi sioni aibu yoyote hapo. Karibu na msikiti wa Juma kuna makaburi ya nguzo, na pale juu mwambani kuna nguzo ya Vasco da Gama ambayo msalaba wake ni jiwe lililoletwa kutoka Ureno, linganisha hilo jiwe na matumbawe ya hapa. Magofu ya mji wa kale wa Gedi nenda asubuhi, kule kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Kisha ndo vigango vya Wamijikenda, hivi nimeviweka mwisho makusudi. Ni mbao ndefu zilizochongwa kwa pembetatu ndogo ndogo, kichwa wakati mwingine duara bapa, husimamishwa kwa ajili ya wazee wa Gohu, chama cha siri cha wazee, waliofariki, na kikishasimamishwa hakihamishwi. Kuanzia miaka ya 70 vingi viling'olewa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia, na vingine vimefuata baadaye. Kwa hiyo ukitaka kuvisoma, nenda na mwenyeji, omba ruhusa ya wenye boma kabla ya kutoa simu, na mtu akikuita uchochoroni akuuzie "cha zamani kabisa", muulize cha nani, uone atakavyojibu.